Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hadithi za Mapenzi za Kurudi Enzi Zilizopita

Kwa muda sasa nimekuwa nikiandika na kuhariri hadithi za aina hii: mtu anavuka miaka kumfuata mpenzi wake, na akifika huko anagusa historia pasipotakiwa kuguswa. Maswali ninayoletewa na wasomaji, na waandishi wanaoanza, ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya mahali pamoja. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana nyama, mengine kwa mstari mmoja. Anayesafiri nitamwita msafiri, na anayekutwa kwenye enzi yake nitamwita mwenyeji. Tukielewana hapo, twende.

Hadithi hizi zimeanza na mashine za kubuni, au zina mizizi ya zamani?

Zina umri mkubwa kuliko mashine yoyote. Vijana wa pangoni wanaosimuliwa katika Sura ya 18 ya Kurani walilala miaka 300 na kuongeza 9, na walipoamka wakadhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Wakamtuma mwenzao mjini na sarafu ya fedha akanunue chakula. Sarafu hiyo naipenda sana. Msafiri wa wakati anaweza kuficha nguo na akajifunga mdomo, lakini lazima ale, na ili ale lazima atoe mfukoni kitu chenye alama ya mfalme asiyejulikana.

Wajapani nao wana mvuvi wao, Urashima Taro, ambaye habari zake zimeandikwa tangu karne ya 8. Alichukuliwa hadi kwenye jumba la kifalme chini ya bahari, akaishi raha mustarehe na binti mfalme, kisha akakumbuka nyumbani. Kurudi, akakuta wazazi wamekufa zamani na hakuna anayemjua. Alikuwa amepewa kijisanduku na kuonywa asikifungue. Akakifungua. Uzee wote aliokuwa ameukwepa ukamwangukia palepale.

Lakini tazama: hao wote wameruka kwenda mbele. Hakuna hata mmoja aliyerudi nyuma kurekebisha kitu. Wahenga wetu nao walishaufunga mlango huo waliposema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hadithi tunazozizungumzia hapa zinaukaidi msemo huo waziwazi. Zinasema yaliyopita ni ndwele, na mganga ni mimi.

Kisayansi inawezekana?

Kwenda mbele, ndiyo, ingawa kwa kiasi cha kuchekesha. Oktoba 1971 saa za atomiki zilipandishwa kwenye ndege za abiria zikazungushwa dunia. Ziliporudi zilikuwa zimetofautiana na zile zilizobaki chini kwa sehemu za bilioni za sekunde, kama nadharia ya Einstein ilivyobashiri. Saa za setilaiti za GPS zingekuwa zinatangulia za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku kama zisingerekebishwa, na simu yako ingekupoteza njia.

Kurudi nyuma ni habari nyingine. Mwaka 1949 mwanahisabati Kurt Gödel alionyesha kwamba hesabu za Einstein zinaruhusu ulimwengu unaozunguka ambamo njia ya mbele inaweza kukurudisha jana. Ulimwengu wetu hauonekani kuwa wa namna hiyo. Mwanafizikia Stephen Hawking alipendekeza mwaka 1992 kwamba maumbile yenyewe yanazuia safari hizo, halafu tarehe 28 Juni 2009 akaandaa karamu ya wasafiri wa wakati na kutangaza mwaliko baada ya karamu kwisha. Hakuja mtu.

Kwa mwandishi wa mapenzi, hilo halizuii kitu. Msomaji atakubali mlango, jiwe, ndoto, hata kisima. Asichokubali ni mlango unaofanya kazi Jumatatu na kugoma Jumanne kwa sababu tu mwandishi ameishiwa na visa.

Kitendawili cha babu ndiyo nini?

Unarudi nyuma, unamuua babu yako kabla hajamzaa mzazi wako. Sasa wewe hukuzaliwa. Kama hukuzaliwa, nani alimuua babu? Na kama hakuuawa, umezaliwa, umerudi, umemuua, na gurudumu linazunguka tena.

Kiswahili kilishalitangulia fumbo hili kwa maneno matatu: majuto ni mjukuu. Sijui msemo mwingine unaoikaa mada hii vizuri hivyo.

Katika mapenzi halihitajiki bunduki. Binti anarudi miaka 60, anakutana na kijana mpole, wanapendana, na kijana anaacha kumchumbia jirani yake. Jirani huyo alikuwa ndiye bibi yake binti. Hakuna aliyemwaga damu, lakini ukoo umefutika.

Historia ikiguswa, inabadilika vipi hasa?

Hapa ndipo waandishi wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kuna namna tatu, nami nimezibandika majina yangu.

Ya kwanza ni historia ya jiwe. Haibadiliki. Chochote msafiri atakachofanya huko nyuma kilikuwa kimeshafanyika tangu awali, na yeye alikuwa sehemu yake bila kujua. Mwanafizikia Igor Novikov alilijengea wazo hili hoja katika miaka ya 1980: tukio lolote litakaloleta mkanganyiko haliwezi kutokea. Mapenzi ya namna hii yana utamu wa ajali, kwa maana kwamba mwanamke anakimbia usiku kucha kumzuia mpenzi wake asipande gari lile, na ni mbio zake zilizomchelewesha yule mtu hadi akalazimika kupanda gari lile. Hatari yake ni kwamba msomaji akishagundua ni jiwe, anaacha kuogopa. Lazima basi umpe kitu kingine cha kusubiri: si nini kitatokea, bali kwa nini kilitokea.

Ya pili ni historia ya ubao. Unafuta, unaandika upya. Hii ndiyo inayopendwa kwa sababu ina bei, na bei yake ni kumbukumbu. Ubao ukishafutwa, nani anakumbuka maandishi ya kwanza? Ukisema msafiri peke yake, umempa upweke usio na dawa: ana miaka 10 ya ndoa kichwani mwake, na mwenzake anamuuliza jina lake. Ukisema hakuna anayekumbuka, hadithi imekula mkia wake. Uamuzi huu ufanye kabla ya ukurasa wa kwanza. Mimi niliwahi kuandika hadithi ya mfululizo bila kuamua. Sehemu ya 9 kijana anakumbuka, sehemu ya 14 hakumbuki. Msomaji mmoja akaniandikia: “Mwandishi, huyu kaka anakumbuka au hakumbuki? Tuambie tujue kama tumlilie.” Sikuwa na jibu. Nikaikatisha hadithi kwa kisingizio cha kuumwa.

Ya tatu ni historia ya mti. Kila ukigusa, tawi jipya linachipua, na lile la zamani linaendelea bila wewe. Mizizi ya wazo hili iko kwa mwanafizikia Hugh Everett, ambaye mwaka 1957 alipendekeza tafsiri ya fizikia ya chembe ndogo ambamo matokeo yote yanayowezekana hutokea, kila moja katika ulimwengu wake. Waandishi hulikimbilia kwa sababu linaua kitendawili cha babu: babu kafa kwenye tawi lile, wewe umetoka tawi hili, kesi imefungwa. Mimi naliona ni njia ya mkato, isipokuwa kama mwandishi ana ujasiri wa kuliangalia usoni. Kwenye tawi ulilotoka kaburi la mpenzi wako liko palepale, tena sasa na wewe umetoweka na mama yako anazunguka vituo vya polisi na picha yako. Kwenye tawi ulilofikia kuna wewe mwingine, mdogo kidogo, ambaye ndiye mwenye mpenzi huyo. Umemwokoa mke wa mtu, na mtu mwenyewe ni wewe. Hadithi inayoanzia hapo nitaisoma usiku kucha.

Kweli kipepeo akipiga mabawa anaweza kubadilisha dunia?

Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, alikuwa anarudia hesabu kwenye kompyuta mwaka 1961. Badala ya kuingiza 0.506127 akaingiza 0.506, akidhani tofauti hiyo ni vumbi tu. Hali ya hewa aliyoipata kwenye mashine ilianza sawasawa na ya mwanzo, kisha ikaachana nayo kabisa. Mwaka 1972 akauliza katika mhadhara kama kipepeo akipiga mabawa Brazili anaweza kusababisha kimbunga Texas.

Wengi hulichukua hilo kana kwamba ni mnyororo: kipepeo, upepo, kimbunga, kila pete ikionekana. Lorenz alikuwa anasema karibu kinyume, kwamba huwezi kuifuata minyororo hiyo. Hilo ndilo linalomfaa mwandishi. Msafiri asirudi nyumbani na kukuta bendera imebadilika rangi kwa sababu aliangusha glasi. Akute mambo madogo yasiyo na maelezo: dirisha lilikuwa kushoto, sasa liko kulia. Mlangoni kuna msumari ambao hajui ulikuwa unaning’iniza nini.

Nikirudi kumwokoa mmoja tu, niache mengine yote, kuna ubaya gani?

Nitajibu kwa mapenzi ya kweli. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, alimpenda Sophie Chotek, ambaye familia ya kifalme ilimwona hana hadhi ya kutosha. Ili akubaliwe kumwoa, tarehe 28 Juni 1900 aliapa kwamba watoto wake na Sophie hawatarithi kiti. Siku tatu baadaye wakaoana. Kwa miaka yote iliyofuata, kwenye sherehe za ikulu Sophie alisogezwa nyuma ya wanawake wenye vyeo vikubwa kuliko chake, mbali na mumewe.

Tarehe 28 Juni 1914, miaka 14 kamili tangu kiapo, walikuwa Sarajevo, na siku hiyo Sophie alikaa kando ya mumewe garini. Asubuhi walirushiwa bomu likawakosa, likajeruhi watu wa gari la nyuma. Baada ya kupokewa kwenye jengo la manispaa, wakaamua kwenda hospitali kuwatazama majeruhi, na kwa usalama njia ikabadilishwa. Dereva hakuambiwa. Akakata kona ya ratiba ya zamani, akapigiwa kelele asimame, gari likasimama, na pale pembeni alikuwepo Gavrilo Princip, mwenzake yule aliyerusha bomu, na bastola. Wote wawili walikufa. Mwezi mmoja baadaye vita kuu ya kwanza ikaanza.

Sasa mweke msafiri wako pale. Hahitaji jeshi. Anahitaji kumwegemea dereva mlangoni na kusema: “Usikate kona. Nenda moja kwa moja.” Maneno sita. Watoto watatu hawatakuwa yatima, na mwanamke aliyedharauliwa miaka 14 atarudi nyumbani.

Na msafiri mwenyewe? Kama vita havikutokea, au vilitokea mwaka mwingine kwa sababu nyingine, askari waliokufa wameoa, waliohama hawakuhama, wajane hawakuolewa tena. Babu na bibi zake wanaweza kuwepo, lakini si pamoja. Hapo ndipo bei inapoanza kusomeka, na hakuna hata senti inayolipwa na Sophie. Yeye hata hajui kulikuwa na kona.

(Kuna jambo la pembeni: karamu ya Hawking nayo ilikuwa tarehe 28 Juni. Ni sadfa tu, lakini ningekuwa mtunzi mvivu ningeanzia hapo.)

Vipi kuhusu ajali, ambapo hakuna siasa? Meli ikiokolewa nani anaumia?

Chukua Titanic. Iligonga barafu saa 5:40 usiku, tarehe 14 Aprili 1912, ikazama saa 8:20 usiku. Ilibeba watu zaidi ya 2,200, na boti za uokoaji zilikuwa na nafasi 1,178. Waliokufa walizidi 1,500. Miongoni mwao alikuwa Ida Straus, aliyekataa kupanda boti bila mumewe Isidor. Alimpa mtumishi wake koti lake la manyoya, akarudi kwa mzee wake.

Ni nani asiyetaka kuwarudia hawa wawili? Lakini baada ya meli ile, Januari 1914 nchi zilikutana London zikatia saini mkataba wa usalama wa maisha baharini, uliotaka pamoja na mengine boti za kutosha watu wote. Doria ya kimataifa ya kutazama barafu katika Atlantiki ya kaskazini nayo ilianza kwa sababu hiyohiyo. Meli ikifika salama, nani anatia saini? Msafiri anawabeba Ida na mzee wake mgongoni, na kwa mkono mwingine anawasukuma baharini watu asiowajua, wa meli ambazo bado hazijaundwa.

Waandishi wengi hupenda kuweka ajali kubwa kwa sababu ya machozi. Ninachoomba ni kwamba watu wa pili nao wawepo kwenye hadithi, hata kama ni mmoja, hata kama ni jina kwenye gazeti analolikuta msafiri akirudi.

Kwa nini katika hadithi nyingi mtoto ndiye anayepotea?

Kwa sababu ndivyo ingekuwa. Mimba hutungwa na mbegu moja kati ya mamilioni, na mbegu ipi inafika inategemea siku, saa, na vitu vidogo kuliko hivyo. Wacheleweshe wazazi dakika 5 mlangoni, na mtoto atakayezaliwa ni mwingine: ndugu wa yule wa kwanza, labda na jina lile lile na shati lile lile, lakini si yeye. Mwanafalsafa Derek Parfit aliliandikia jambo hili mwaka 1984, akijiuliza tunawadai nini watu ambao kuwepo kwao kunategemea tutakachochagua.

Kwa hiyo mama anayerudi nyuma kumwokoa mume, na nyumbani ameacha mtoto wa miaka 4, yuko kwenye mtihani usio na jibu zuri. Nimesoma miswada mingi inayompa mtoto huyo muujiza: anabaki vilevile mwishoni, kicheko kilekile. Naelewa huruma hiyo, lakini ni ya kudanganya. Mwandishi jasiri atampa mama mtoto mwingine, mzuri tu, mwenye afya, na atatuonyesha mama akimwita kwa jina na kungoja kidogo kabla mtoto hajageuka.

Msafiri amwambie mwenyeji ukweli?

Amwambie, tena mapema. Najua wenzangu wengi hawakubaliani nami, kwa sababu siri huzaa visa. Lakini siri hii ina kasoro kubwa: mmoja anajua kila kitu na mwingine hajui hata kwamba kuna cha kujua.

Nitaonyesha. Wanaishi pamoja wiki ya pili. Kijana ananyoosha mkono kushika kitasa, na msafiri, bila kuinua macho, anasema: “Chukua koti, kuna mvua.” Mbingu ni nyeupe. Kijana anacheka, anachukua koti, mvua inanyesha. Mara ya kwanza inapendeza. Mara ya pili anasema usipite daraja la chini. Mara ya tatu anamtajia jina la mtu asiyestahili kuaminiwa. Kufika mwezi wa tatu kijana anasimama mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, hafungui. Anasubiri aambiwe.

Huyo si yule kijana ambaye msafiri alimfuata miaka yote hiyo. Yule alikuwa anasahau koti.

Zile hadithi za kurudia siku moja mara nyingi, hadi jamaa aseme neno sahihi na msichana akubali, zinachekesha, lakini mimi huishia kumhurumia msichana. Yeye anadhani ni mara ya kwanza. Kujua majibu kabla ya maswali si kutongoza, ni kuiba mtihani. Mwandishi akilijua hilo na akaliweka kwenye hadithi, msichana akagundua na akakasirika kwa haki, basi amepata tukio kubwa kuliko vita vyovyote atakavyovizuia.

Swali ambalo ningependa kila msafiri aulizwe na mwenyeji ni hili: “Ulipokuja kuniokoa, nani alikutuma?” Mara nyingi hakuna aliyemtuma. Ni yeye aliyeshindwa kuishi na msiba. Mwenyeji habadilishiwi historia tu, anabadilishiwa maisha bila kuulizwa, na pengine angeuchagua mwisho wake ule ule, kama Ida alivyouchagua wa kwake.

Msafiri si angetajirika na kuheshimiwa kwa elimu aliyonayo?

Mwulize daktari Ignaz Semmelweis, ambaye hakuhitaji hata kusafiri. Mwaka 1847 huko Vienna aliwataka madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wazazi, na vifo vya akina mama vikashuka sana. Wakubwa wa fani wakampuuza. Alifariki mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikuwa na ushahidi, cheo, lugha na nguo za enzi yake. Msafiri wako hana hata kimoja.

Na magonjwa?

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa wasafiri wa wakati msemo huu unaweza kugeuka. Mwaka 1875 surua iliingia Fiji na watu waliotoka safarini Sydney, na takriban watu 40,000 wakafa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kinga. Kikohozi chako cha leo kinaweza kuwa surua ya enzi nyingine.

Upande wa pili, ndui. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kuwa ndui imetokomezwa. Chanjo zikaachwa. Kijana wa leo anayerudi mwaka 1800 kutafuta mapenzi anaingia bila ngao yoyote kwenye dunia ambayo nyuso nyingi zina makovu. Sijui kwa nini mashujaa wa hadithi zetu huwa hawapati hata mafua.

Wapenzi wangu wamepeana miadi ya tarehe, lakini hawakukutana. Inaaminika?

Inaaminika sana, na ni kisa ambacho hakijatumiwa vya kutosha. Mwaka 1582, katika nchi zilizofuata amri ya Papa Gregori wa 13 ya kurekebisha kalenda, tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na tarehe 15 Oktoba. Uingereza ilingoja hadi mwaka 1752, tarehe 2 Septemba ikafuatwa na tarehe 14. Urusi ikaruka kutoka tarehe 31 Januari hadi tarehe 14 Februari mwaka 1918.

Kuna mtego zaidi. Kabla ya mabadiliko yale, mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Barua yenye tarehe 10 Februari 1700 iliandikwa katika majira ambayo sisi tungeyaita 1701. Mpenzi akikuandikia “njoo tarehe 10 Februari 1700” nawe ukaweka mashine kwenye 1700, umefika mwaka mzima mapema, na ukifika mlangoni kwake atakuuliza wewe ni nani.

Wataelewana lugha?

Miaka 100, ndiyo, kwa vichekesho. Miaka 1,000, sahau. Kiingereza cha kabla ya mwaka 1066 Mwingereza wa leo hakielewi mpaka asomeshwe. Na sisi tusijisifu: mpe msomaji wa leo Utendi wa Tambuka katika nakala yake ya mwaka 1728, kwa herufi za Kiarabu na lahaja ya kaskazini, uone atafika beti ya ngapi.

Nitumie nyakati gani za vitenzi?

Hapa Kiswahili kimetupendelea. Tuna -nge- na -ngali-. “Angefika mapema, angemwokoa”: mlango bado haujafungwa kabisa. “Angalifika mapema, angalimwokoa”: umefungwa, mtu kafa, tunazungumza tu. Najua mitaani tunazichanganya, na wengine husema -ngeli-, lakini katika hadithi hizi ningezitenganisha kwa makusudi. Msafiri ni mtu anayejaribu kuihamisha sentensi moja kutoka -ngali- kwenda -nge-.

Halafu kuna -li-. Msafiri asiyekuwa makini atamwambia mtu aliye hai, aliyekaa mbele yake: “Ulikuwa unapenda sana kuimba.” Mwenyeji atasita. Atauliza: “Kwa nini nilikuwa?” Hiyo silabi moja imemtangazia msiba wake mwenyewe, na hakuna maelezo yatakayoirudisha mdomoni.

Lazima mmoja afe mwishoni?

Hapana. Lakini wakiishi wote, mtuonyeshe nani amelipa.

Watawala wana neno lolote na hadithi hizi?

Huwa wanalo. Mwaka 2011 mamlaka ya utangazaji ya China ilizikemea hadharani tamthilia za kurudi enzi za wafalme, ikisema zinaichezea historia. Mwenye kumiliki historia hapendi watu wazoee kufikiri kwamba ingaliweza kuwa tofauti.

Kama safari haiwezekani, wapenzi wa enzi mbili wanaweza angalau kuandikiana?

Mmoja anaweza. Wa zamani anamwandikia wa baadaye bila uchawi wowote: anaandika, anaficha, miaka inaibeba barua yenyewe. Wa baadaye hana njia ya kujibu. Ukitaka hadithi isiyo na mashine, isiyofuta mtoto wa mtu, na bado ikauma, iko hapo.

Ila chagua karne yako vizuri. Karatasi za zamani zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, nazo hudumu. Kuanzia katikati ya karne ya 19 karatasi za massa ya miti zenye asidi zilienea, nazo hugeuka njano na kukatika kama majani makavu. Kwa hiyo barua ya mwaka 1700 inaweza kukufikia ikiwa imara kuliko ya mwaka 1900. Wino nao: ule wa chuma uliotumika kwa karne nyingi hula karatasi polepole pale kalamu ilipokandamiza zaidi. Ukifunua barua ya namna hiyo baada ya miaka 300, yale maneno aliyoyaandika kwa mkono mzito ndiyo yatakayokuwa yametoboka, na utayasoma kwa kuinua karatasi kwenye mwanga.